Maji ya nani, ufunguo anao nani: namna ya kuongoza mjadala wa Palestina barazani

Hapa Ujiji mazungumzo ya Palestina hayamalizi kikombe cha kwanza cha kahawa kabla hayajageuka mashindano ya aya. Mmoja anataja Kanaani, mwingine anataja Msikiti wa Al-Aqsa, wa tatu anasema waacheni wamalizane wenyewe, na kufikia hapo hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mimi nimestaafu ukarani wa shehena bandarini Kigoma. Kazi yangu ilikuwa kusimama gatini na daftari: mzigo huu wa nani, anayeuchukua anauchukua kwa hati gani, unakwenda wapi. Nimeona watu wakitaka kushikana mashati juu ya magunia ya dagaa, na kilichowatuliza hakikuwa busara za wazee wala filimbi ya askari, ilikuwa karatasi. Nikaona hata hili la Palestina tulipeleke gatini.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayeongoza mazungumzo, iwe barazani, kwenye klabu ya wanafunzi au kikundi cha wavuvi. Haufundishi umpende nani. Unaonyesha namna ya kushika kitu kimoja kinachopimika, maji au samaki au mawe, na kukifuata mpaka ijulikane ni mali ya nani na sheria inasemaje. Msimamo wangu sifichi: nikifuata karatasi, naona Wapalestina wananyimwa mali yao. Ila ukianza mjadala kwa kutangaza hukumu, nusu ya watu watanyanyuka na viti vyao.

Kabla watu hawajakaa

Chagua rasilimali moja kwa jioni moja. Ukichanganya maji, ardhi, gesi na ukuta, kila mtu ataruka kwenye kile anachokijua na hamtafika popote.

Tengeneza ramani. Sisi tunachora kwa mkaa kwenye boksi lililokunjuliwa. Kushoto Bahari ya Mediterania. Kulia Mto Yordani, unashuka kutoka kaskazini na kuishia Bahari ya Chumvi. Kando ya mto huo, upande wa kushoto wake, Ukingo wa Magharibi, kilomita za mraba zipatazo 5,650. Chini kabisa pwani, Ukanda wa Gaza, urefu kilomita 41 tu. Wavuvi wetu waliozoea ziwa lenye urefu wa kilomita 673 hukodoa macho wakisikia hiyo 41. Juu ya ramani andika 1967, kwa sababu katika vita ya Juni mwaka huo Israel iliyachukua maeneo hayo mawili, pamoja na Jerusalem Mashariki na Miinuko ya Golan ya Syria. Ukaliaji tunaouzungumzia unaanza hapo.

Halafu tangaza sharti: anayetumia kitabu kitakatifu kuthibitisha umiliki wa kisima analipia kahawa ya waliopo wote. Hakuna dharau ndani yake, sote pale tuna dini zetu. Tatizo ni kwamba aya haikuambii leo nani anatoa kibali cha kuchimba. Faini hii imemnufaisha sana muuza kahawa wetu, na wiki hizi amekuwa mchochezi.

Anzieni bandarini kwetu

Usiharakishe hapa. Ndipo utakapowapata watu.

Mwaka 1916, vita kuu ya kwanza ikiendelea, majeshi ya Wabelgiji yakitokea Kongo yaliwaondoa Wajerumani Kigoma, na mwezi Septemba yakaingia Tabora. Vita ilipokwisha Waingereza na Wabelgiji wakagawana: Ruanda-Urundi kwa Ubelgiji, Tanganyika kwa Uingereza. Wabelgiji wakataka njia ya kupitishia mizigo yao mpaka baharini, na kwa mkataba wa 1921 Uingereza ikawapangisha maeneo ya bandari, Kigoma na Dar es Salaam. Maeneo hayo yakajulikana kwa jina la Belbase. Muda wa upangaji: daima. Kodi: faranga moja kwa mwaka. Nikitaja hiyo faranga barazani huwa lazima mtu aniombe nirudie.

Sasa waulize: aliyetia sahihi ni nani? Uingereza haikuwa mwenye nchi. Ilishika Tanganyika kwa dhamana, kwanza chini ya Shirikisho la Mataifa, baadaye chini ya Umoja wa Mataifa, na dhamana ina mwisho wake. Uhuru ulipokaribia mwaka 1961, Nyerere alilieleza Bunge hoja ambayo wanasheria wa nchi nyingi wanaitaja mpaka leo: aliyekuwa na mamlaka ya muda hawezi kugawa ardhi ya nchi milele, maana hawezi kutoa asichokuwa nacho. Tanganyika ikakataa kufungwa na mikataba ile ya Belbase.

Waache watu waligeuzegeuze hilo bila kutaja Palestina kabisa. Kuna siku kijana wa bodaboda aliuliza kwa nini Wabelgiji wasilipwe fidia, maana na wao walijenga. Swali zuri, na mlijadili hivyohivyo. Mkishakubaliana kwamba mshika dhamana si mwenye mali, ndipo utaje kwamba Palestina nayo ilikuwa chini ya dhamana ya Uingereza, na kwamba hati ya kwao na hati ya kwetu ziliidhinishwa mwezi uleule, Julai 1922. Sisi tulifika Desemba 1961. Wao mpaka leo hawajafika.

Maswali matatu

Kila rasilimali mtakayoichukua, ipitisheni kwenye maswali haya, na kwa mpangilio huu.

La kwanza: mali ni ya nani? Hapa toa karatasi. Tarehe 14 Desemba 1962, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 1803 kuhusu mamlaka ya kudumu ya watu na mataifa juu ya maliasili zao. Ilikuwa mwaka mmoja kamili tangu Tanganyika ipokewe kwenye Umoja huo. Kisha ikaja mikataba miwili mikubwa ya haki za binadamu ya 1966, ule wa haki za kiraia na kisiasa na ule wa haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni. Kifungu cha kwanza cha yote miwili kinafanana neno kwa neno: watu wote wana haki ya kujiamulia hatima yao, wana haki ya kutumia utajiri na maliasili zao kwa hiari yao, na kwa hali yoyote ile watu wasinyang'anywe njia zao za kujipatia riziki. Tanzania ilijiunga na mikataba hiyo 1976. Israel iliiridhia 1991. Hiyo tarehe ya pili iandike kwa herufi kubwa, kwa sababu mtu akisema haya ni maneno ya maadui wa Israel, unamwonyesha kwamba Israel yenyewe iliyakubali.

Angalia pia kinachotajwa ni watu. Haki hii ni ya watu wenyewe, haisubiri serikali yenye bendera na kiti New York. Anayesema "Palestina si nchi kamili" hajalijibu swali. Tanganyika ya 1950 nayo haikuwa nchi kamili, na udongo wake ulikuwa wetu.

La pili: anayeishika anaishika kwa hati gani? Jeshi linaloingia ardhi ya wengine halipati umiliki. Kanuni za Hague za 1907, kifungu cha 55, zinasema mkaliaji anahesabiwa kuwa msimamizi wa mali ya umma na mwenye ruhusa ya kutumia matunda yake tu, na ni wajibu wake kulinda shina la mali hiyo. Kwa watu wa Kigoma eleza hivi: umesafiri, ukamwachia mtu shamba la michikichi. Anaruhusiwa kuvuna chikichi na kukamua mawese. Haruhusiwi kukata mchikichi, wala kuwaleta ndugu zake wajenge humo. Hilo la ndugu lina kifungu chake, cha 49 cha Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, kinachomkataza mkaliaji kuhamishia raia wake kwenye ardhi anayoikalia. Mfano ukishaeleweka uache, rudini kwenye vifungu. Nimeona watu wakijadili michikichi usiku kucha.

La tatu: inakwenda wapi? Mkaliaji anaweza kutumia kwa mahitaji ya kusimamia eneo lile na kwa manufaa ya wenyeji wake. Hawezi kuligeuza ghala la uchumi wa nyumbani kwake. Hili swali ndilo hutoa jibu haraka kuliko yote, kwa sababu mzigo una njia na njia inaonekana.

Jioni ya maji

Ukiwa na jioni moja tu, chukua maji.

Chini ya milima ya Ukingo wa Magharibi kuna hifadhi kubwa ya maji ya ardhini. Mvua inanyesha zaidi juu ya milima ile, inazama kwenye mwamba, halafu maji yanatambaa chini kwa chini. Mengine yanaelekea magharibi na kaskazini mashariki na kutokea upande wa Israel. Sema wazi mapema kwamba maji haya yanavuka mpaka, na kwamba Israel nayo ina fungu lake. Mtu asije akakushika kwamba umeficha. Ugomvi ni wa mgawo, na wa nani anaamua mgawo.

Anayeamua alijulikana mapema. Agosti 1967, hata miezi mitatu haijapita tangu vita, Amri ya Kijeshi namba 92 iliweka mamlaka yote ya maji mkononi mwa jeshi la Israel. Novemba mwaka huohuo Amri namba 158 ikakataza kujenga au kumiliki kifaa chochote cha maji bila kibali cha jeshi. Mwaka 1982 mifumo ya maji ya Ukingo wa Magharibi ikakabidhiwa kwa Mekorot, kampuni ya taifa ya maji ya Israel. Kwenye Mto Yordani, ambao unapita ubavuni mwao, Wapalestina hawajaruhusiwa kuchota tangu 1967.

Mwaka 1995 ukaja mkataba wa pili wa Oslo, kati ya Israel na PLO, chama cha ukombozi wa Palestina. Kifungu cha 40 cha nyongeza yake ya tatu kinasema Israel inazitambua haki za maji za Wapalestina katika Ukingo wa Magharibi, lakini haki zenyewe zitajadiliwa kwenye mazungumzo ya mwisho. Mazungumzo hayo hayajafika mwisho. Kwa muda huo wa kungojea iliundwa Kamati ya Pamoja ya Maji, wajumbe sawa kwa sawa, uamuzi kwa makubaliano. Kwa macho ni haki tupu. Waulize wenzako: kamati inasimamia maji ya wapi? Inasimamia maji ya Ukingo wa Magharibi tu. Kwa hiyo Israel inaweza kuzuia kisima cha Mpalestina, ila Mpalestina hana kikao cha kuzuia kisima kilichoko upande wa Israel kinachovuta maji yaleyale. Na kwenye eneo liitwalo C, karibu asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi, hata baada ya kamati kukubali, kinahitajika tena kibali cha utawala wa kijeshi. Tangi la kukinga mvua lililojengwa bila kibali hubomolewa.

Sasa fanya hivi, na ufanye kwa vitendo. Panga madumu ya lita 20 mbele ya watu. Shirika la haki za binadamu la Israel, B'Tselem, lilitumia takwimu za 2020 na kuonyesha kwamba Mwisraeli alitumia wastani wa lita 247 kwa siku: hayo ni madumu kumi na mbili na zaidi. Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi lita 82: madumu manne. Na kwenye vijiji vya Wapalestina visivyounganishwa na bomba, lita 26, dumu moja na lita sita juu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri lita 100. Akina mama wa Mwanga na Gungu waliobeba maji maisha yao yote hawahitaji kuongezewa neno. Wanaume ndio huanza kuuliza kama madumu yamejaa.

Gaza ina habari yake. Maji yake yanatoka kwenye mwamba wa pwani, na miaka mingi ya kuvuta kupita kiasi, maji ya bahari kuingia na majitaka kupenya imefanya zaidi ya asilimia 90 ya maji hayo yasifae kunywa. Sehemu ya uvutaji huo ilifanywa na Wapalestina wenyewe, na usione haya kulisema. Ila swali la pili lipo palepale: nani alidhibiti saruji, pampu na mafuta ya kuendeshea mitambo ya kusafisha? Na Oktoba 2023, baada ya shambulio la Hamas, kundi la Kipalestina lililokuwa likitawala Gaza, Israel ilipotangaza mzingiro kamili na kukata umeme, maji na mafuta, ilionekana wazi ufunguo ulikuwa mfukoni mwa nani.

Jioni ya samaki

Hii wape wavuvi wa Kibirizi na Katonga, itajiendesha.

Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulifungwa Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Ilikuwa shida. Watu walinung'unika, na wengine wananung'unika bado. Uliza: nani alifunga? Serikali yetu, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia, nchi nne zenye ziwa. Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya ziwa na wavuvi wa kesho. Ulikuwa na wa kumlalamikia? Diwani, mbunge, kikundi cha usimamizi wa mwalo. Wavuvi wataanza kukutajia majina ya waliowalalamikia na majibu waliyopewa. Waache waseme.

Kisha hamia Gaza. Makubaliano ya Oslo yaliwapa wavuvi maili 20 za baharini, kilomita kama 37. Kwa vitendo Israel ikashusha hadi 12, ikashusha hadi sita, mara nyingine tatu, kuna nyakati ikafunga bahari yote. Mvuvi wa Gaza hana diwani Tel Aviv. Kufunga kwenyewe hakulengi samaki wazaliane, na hilo Israel haisemi. Inasema ni ulinzi, silaha zisiingizwe kwa boti. Lichukueni hoja hilo kwa uzito, maana si la kubuni na sheria inaruhusu hatua za usalama. Halafu rudini kwenye kile kifungu cha kwanza: kwa hali yoyote ile watu wasinyang'anywe njia zao za riziki. Kilomita tano na nusu kutoka ufukweni unavua nini? Wenye mitumbwi ya dagaa watakujibu haraka kuliko mwanasheria.

Mawe na gesi, kwa ufupi

Machimbo ya mawe mazuri kwa mjadala wa wanafunzi, kwa sababu kuna hukumu na kuna mabishano ya kweli. Mwaka 2009 shirika la Israel liitwalo Yesh Din lilikwenda Mahakama Kuu ya Israel kupinga makampuni ya Israel kuchimba mawe Ukingo wa Magharibi, wakati sehemu kubwa ya mawe hayo inakwenda kujenga Israel. Desemba 2011 mahakama ilikataa ombi. Ilisema ukaliaji umekuwa wa muda mrefu, kwa hiyo kanuni zisomwe kwa kuangalia hali halisi, na kwamba uchimbaji unawapa wenyeji ajira. Gawa wanafunzi makundi mawili, kundi moja litetee hukumu hiyo kwa nguvu zote. Mimi naiona dhaifu. Kama kukaa muda mrefu kwenye shamba la watu kunakuongezea haki, basi Wabelgiji wangebaki na gati letu.

Gesi: mwaka 2000 iligunduliwa baharini mbele ya Gaza, kilomita kama 36 kutoka pwani, kwenye kitalu kiitwacho Gaza Marine. Kinakadiriwa kuwa na futi za ujazo trilioni moja hivi. Mamlaka ya Palestina ilikuwa imetoa leseni 1999. Haijatoka hata ya kuchemshia chai. Watu wa nchi yenye gesi ya Mtwara wataelewa kwamba gesi inaweza kuchelewa hata pasipo ukaliaji. Kwa hiyo msitumie miaka peke yake kama ushahidi, tafuteni nani alihitaji kukubali na hakukubali.

Mkitaka picha ya hasara yote kwa pamoja, Benki ya Dunia mwaka 2013 ilikadiria kwamba vizuizi katika eneo C peke yake vinaunyima uchumi wa Wapalestina dola bilioni 3.4 kwa mwaka.

Watakaokubana, na namna ya kujibu

"Si walisaini wenyewe Oslo?" Walisaini. Lakini Mkataba wa Nne wa Geneva, kifungu cha 47, unasema watu wanaolindwa hawapotezi haki zao kwa makubaliano yoyote kati ya viongozi wao na mkaliaji. Tena Oslo ilikuwa ya mpito, ya miaka mitano.

"Ukingo wa Magharibi ulikuwa wa Jordan, na Jordan nayo iliuchukua tu, sasa umekaliwa kutoka kwa nani?" Hili ndilo jibu la siku zote la wanasheria wa upande wa Israel, wanaosema ardhi ile inabishaniwa, haikaliwi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile ya Umoja wa Mataifa, ililikataa mwaka 2004 katika maoni yake kuhusu ukuta ambao Israel ilijenga Ukingo wa Magharibi: eneo lilichukuliwa katika vita kati ya nchi zilizojiunga na Mkataba wa Geneva, na hakuna haja ya kuchunguza kabla ya hapo lilikuwa la nani. Inatosha.

"Maoni ya mahakama hayamfungi mtu." Kweli, na usibishe. Maoni ya ushauri si hukumu, na maazimio ya Baraza Kuu hayana askari. Waeleze kilichoamuliwa, wapime wenyewe. Tarehe 19 Julai 2024 mahakama hiyo ilisema kuendelea kuwepo kwa Israel katika eneo la Palestina linalokaliwa ni kinyume cha sheria na kukome haraka iwezekanavyo. Kuhusu maliasili ilisema matumizi ya Israel hayaendani na wajibu wake wa kuheshimu mamlaka ya kudumu ya Wapalestina juu ya mali yao, na kwamba ina wajibu wa kuhakikisha wenyeji wanapata maji ya kutosha na salama. Kuhusu uharamu wa kuwepo kwake, majaji 11 waliafiki, wanne walipinga. Miongoni mwa waliopinga ni Julia Sebutinde wa Uganda. Miongoni mwa walioafiki ni Abdulqawi Yusuf wa Somalia. Barazani kwetu hilo limezima kabisa maneno ya "Waafrika wote" na "wazungu wote". Septemba 18 Baraza Kuu likapiga kura ya kudai ukaliaji ukome ndani ya miezi 12: nchi 124 ziliafiki, 14 zilikataa, 43 zilijizuia. Miezi hiyo 12 imepita.

"Na Hamas je?" Usikwepe. Tarehe 7 Oktoba 2023 waliuawa watu wapatao 1,200 nchini Israel na mateka wakachukuliwa; ni uhalifu, na haki ya kujitawala haiuhalalishi. Wala uhalifu wa kikundi haufuti haki ya watu juu ya maji yao. Ukishindwa kuyasema haya mawili kwa pumzi moja, mpe mwingine aongoze.

"Sisi Kigoma inatuhusu nini?" Hapa onyesha ng'ambo ya ziwa. Kongo iliishtaki Uganda kwenye mahakama hiyohiyo. Mwaka 2005 mahakama ilikuta kwamba Uganda ilikuwa mkaliaji wa Ituri, kaskazini mashariki mwa Kongo, na ilishindwa kuzuia uporaji wa maliasili. Mwaka 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325, na milioni 60 kati ya hizo ni za maliasili. Kwenye kesi ileile mahakama ilisema ile kanuni ya mamlaka ya kudumu haigusi uporaji unaofanywa na askari wa jeshi lililoingia nchi nyingine, na wanasheria wamebishana sana juu ya hilo. Mwanafunzi mwerevu atakuuliza, jiandae. Mrudishe pia Namibia: mwaka 1974 Baraza la Umoja wa Mataifa la Namibia lilitoa Agizo namba 1 la kulinda maliasili za nchi ile, wakati Afrika Kusini ingali inaikalia, likatangaza kwamba madini yaliyotolewa bila idhini yanaweza kukamatwa. Ilichukua mpaka 1990 Namibia kuwa huru.

Karatasi za kuchapa

Usichape vitu vingi; karatasi zikizidi zinafungiwa vitumbua. Zinatosha hizi: kifungu cha kwanza cha mikataba ya 1966, kifungu cha 55 cha Kanuni za Hague, cha 47 na 49 vya Mkataba wa Nne wa Geneva, kifungu cha 40 cha Oslo kuhusu maji, na kifungu cha 21 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambacho nacho kinazungumzia maliasili na kwa watu wengi ni kipya kabisa. Maoni ya Julai 2024 ni marefu, msiyasome yote. Sehemu ya maliasili inaanzia aya ya 124, na hesabu ya kura iko aya ya 285, mwishoni. Yapo kwa Kiingereza na Kifaransa, kwa hiyo mwombe mwalimu wa sekondari atafsiri kwa mkono siku mbili tatu kabla, na tafsiri hiyo aisome kwa sauti mtu ambaye hajaongea sana. Anayepinga msimamo wako mpe nakala ya kwanza.